Je, Wajua? Dawa Ile Ile, Mlango Mwingine

Je, wajua kwamba mtu anayetibiwa kwa methadoni hawezi kuja arusini Maskati kirahisi? Viza inapatikana, na ndege kutoka Zanzibar haimalizi hata nusu siku. Lakini kijana wa Unguja anayetibiwa uraibu wa unga, yaani heroini, kwa kawaida hunywa dozi yake kila siku mbele ya muuguzi, kwenye kikombe cha plastiki, na kikombe hicho hakisafiri. Akija Ruwi, Maskati, kuwaona shangazi zake hapati dirisha la kwenda kunywa. Ripoti za kimataifa za mwaka 2020 hazikuitaja Oman kati ya nchi zinazotoa methadoni, wala dawa ya jamii moja nayo, buprenofini, kama tiba ya kuendelea nayo kwa miezi na miaka.

Si kwamba Oman haitibu. Ukitoka Ruwi ukapita Wadi Adai na kuingia milimani kuelekea Al Amerat, utafika Hospitali ya Al Masarra. Ilifunguliwa mwaka 2013 kushika nafasi ya hospitali ya zamani ya akili ya Ibn Sina, na ndani yake kuna kitengo cha uraibu. Njia inayofuatwa huko ni kuusafisha mwili kwanza, kisha kumsaidia mtu asirudi alikotoka.

Kuna jingine ambalo wengi wetu tunaoishi huku hatulijui, nami nalitanguliza makusudi kwa kuwa ndilo lenye manufaa kuliko yote katika ukurasa huu. Sheria ya Oman ya dawa za kulevya, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 17 ya mwaka 1999, inasema mraibu aliyejipeleka mwenyewe kutaka matibabu hafunguliwi kesi. Anayekamatwa barabarani na anayebisha hodi hospitali hawahesabiwi sawa. Mama anayemficha mwanawe chumbani kwa kuogopa polisi angefaa aambiwe jambo hilo na mtu anayemwamini.

Methadoni yenyewe haikubuniwa kwa ajili ya waraibu. Wanakemia wa kiwanda cha Hoechst, Ujerumani, waliitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1930 wakitafuta dawa ya maumivu. Ilipita karibu miaka 25 kabla haijapata kazi inayojulikana nayo leo. Mwaka 1964, jijini New York, Vincent Dole, daktari aliyekuwa akichunguza jinsi mwili unavyotumia chakula na kwa nini watu wanene hurudia unene wao, alishirikiana na Marie Nyswander, daktari wa akili aliyechoka kuona wagonjwa wake wakitoka hospitali na kurudi vijiweni. Waliwajaribu waraibu wa heroini kwa dawa mbalimbali. Waliopewa mofini walikaa kitako wakingoja dozi inayofuata. Waliopewa methadoni walianza kuulizia shule na kazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1965, na mwaka huohuo madaktari hao wawili wakaoana.

Siri ni muda. Unga humshika mtu kwa saa nne hadi sita, kisha arosto inaanza: makamasi, jasho la baridi, tumbo kukata, mifupa kuuma. Kwa hiyo mraibu hutafuta kete mara tatu, mara nne kwa siku, na siku yake yote inaishia hapo. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Hukalia viti vilevile vya ubongo ambavyo unga huvikalia, kama mgeni aliyewahi kiti na hana haraka ya kuondoka. Mtu anakunywa asubuhi, hapati nishai ya kumlaza, hapati arosto, na anabaki na siku nzima mikononi mwake. Kasoro yake ni kwamba dozi kubwa kwa mtu ambaye mwili haujazoea inaua. Ndiyo maana huanzwa na kiasi kidogo, kwa kawaida miligramu 15 hadi 30, na kupandishwa taratibu. Wiki mbili za mwanzo ndizo zinazoogopwa.

Hayo ni ya kitabu. Mambo yananoga pale kitabu kinapofika Dar es Salaam.

Je, wajua kwamba kliniki ya kwanza ya serikali ya methadoni katika Afrika bara, kusini mwa Sahara, ilifunguliwa Muhimbili? Ilikuwa Februari 2011. Nyuma yake kulikuwa na miaka mibaya. Katika miaka ya 1990 watumiaji wengi wa Dar walikuwa wakivuta unga wa kahawia, mara nyingi wakiuchanganya na bangi katika sigara waliyoiita kokteli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaingia unga mweupe unaoyeyuka upesi katika maji, na sindano zikafuata. Mwaka 2005 watafiti walieleza jambo lililoshtua dunia ya tiba: baadhi ya wanawake wa Dar, walio fukara kuliko wote, walikuwa wakivuta damu katika bomba la sindano baada ya kujidunga na kumpa mwenzao asiye na pesa ajidunge damu hiyo, wakiamini imebaki na unga wa kumtoa arosto. Tunaweza kutikisa vichwa. Mimi naona humo ndani huruma ya kutisha: mtu asiye na kitu anampa mwenziwe damu yake mwenyewe. Kwa virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, hakuna njia iliyo fupi zaidi ya kupita. Uchunguzi wa miaka ile ulikuta karibu nusu ya waliojidunga jijini wana VVU.

Kwa hiyo Muhimbili haikuweza kunakili kliniki ya New York na kubandika kibao cha Kiswahili. Mgonjwa wa Dar alikuja na uraibu, mara nyingi na VVU, na mara nyingi na kifua kikuu juu yake. Hapo ndipo kemia ilipoleta ukorofi. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, huliamsha ini likaivunja methadoni upesi kuliko kawaida. Mtu kanywa dozi yake saa mbili asubuhi mbele ya muuguzi, na jioni anatetemeka kwa arosto. Zamani angeambiwa anadanganya. Nevirapini na efavirenzi, dawa za VVU zilizotumika sana miaka ile, zilifanya vivyo hivyo. Ikabidi wauguzi wa methadoni wajue ratiba ya dawa za kifua kikuu, na daktari apandishe dozi rifampisini inapoanza, kisha akumbuke kuishusha inapokwisha. Akisahau, ini linarudi katika mwendo wake na dozi ileile inakuwa nyingi mno. Dolutegraviri, dawa ya VVU inayotumika sasa, haigombani na methadoni.

Tatizo jingine halimo katika kitabu chochote cha dawa: nauli. Dawa ilikuwa bure, lakini ilitaka mguu wako kila siku, Jumapili na sikukuu zimo, na aliyetoka Mbagala au Tegeta alipanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Mtu aliyezoea kuiba ili apate kete aliambiwa asiibe tena, kisha akatakiwa awe na nauli kila alfajiri. Wengi walioacha matibabu walitaja hilo. Ndipo zikafunguliwa Mwananyamala, kisha Temeke, na baadaye mikoani. Leo Tanzania ina kliniki zaidi ya kumi, na kila iliyofunguliwa imemfupishia mtu njia.

Wanawake walikuwa wachache. Katika miaka miwili ya mwanzo Muhimbili hawakufika mmoja kwa kila wagonjwa kumi. Foleni iliyojaa wanaume, wengine wao ndio waliomuuzia au kumpiga, si mahali ambapo mwanamke anapenda kusimama kila asubuhi akiwa na mtoto mgongoni.

Zanzibar ilianza mwaka 2015, katika hospitali ya Kidongo Chekundu, na hapo palikuwa na kitu ambacho Dar haikuwa nacho kwa wingi ule: sober house. Tangu mwaka 2009 nyumba hizo zilikuwa zikichipuka Unguja, zikiendeshwa na watu waliokuwa mateja wenyewe, kwa kufuata hatua kumi na mbili za kuacha ulevi, zilizozaliwa Marekani. Kijana analala humo miezi kadhaa, anaamka na dua, anahudhuria vikao, anasafisha nyumba, na hagusi kilevi cha aina yoyote. Wengi walipona hivyo, na wapo jamaa huku Oman waliowalipia wapwa zao ada ya nyumba hizo. Methadoni ilipokuja ikazua mabishano ambayo hayajesha. Aliyeacha kila kitu anamtazama anayekunywa kikombe kila siku na kusema huyo hajaacha, kabadilisha muuzaji. Anayekunywa kikombe anajibu kwamba amelala nyumbani kwa mama yake mwaka mzima bila kuiba sufuria. Wote wawili wanasema kweli, nami nisingependa kuwa hakimu wao. Ninachokijua ni kwamba aliyesafishika mwili kisha akateleza hufa kwa urahisi zaidi, maana mwili umesahau kiasi alichokuwa akikibeba na mkono haujasahau.

Je, wajua kwamba Mombasa na Malindi ziliwahi kupata arosto ya mji mzima? Mwezi Desemba 2010 unga ulipotea ghafla pwani ya Kenya. Watu walianguka vijiweni, wakajazana hospitali, na hospitali hazikuwa na cha kuwapa. Ilichukua miaka minne tangu siku zile hadi Kenya ikaanza kutoa methadoni, kwanza Mathari jijini Nairobi mwishoni mwa 2014, kisha Malindi na Kisauni mwaka 2015. Kabla ya hapo, mpango wa kugawa sindano safi ulipoanza, baadhi ya mashehe na viongozi wa pwani waliukataa hadharani, na hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: unampa mlevi chombo cha ulevi? Waliosaidia kupunguza joto hawakuwa wageni wenye beji za shirika la Ulaya. Miongoni mwao ni MEWA, jumuiya ya Waislamu wa Mombasa inayojulikana kwa elimu na zahanati, ambayo ilikuwa na nyumba ya matibabu ya waraibu na ikaingia pia katika kazi ya mtaani. Mwenye kanzu akimtetea teja, aliyekaa baraza moja naye atamsikiliza. Baadaye hata gereza la Shimo la Tewa lilipata kliniki yake, na mfungwa hakulazimika tena kukatiwa dawa siku aliyotiwa ndani.

Mauritius walitangulia sote. Walianza mwaka 2006. Lakini mwaka 2015 serikali mpya ilisimamisha kuandikisha wagonjwa wapya, na ugawaji ukahamishwa kutoka vituo vya afya hadi viwanja vya vituo vya polisi, asubuhi na mapema. Fikiria unatakiwa uamini kwamba wewe ni mgonjwa, na dawa yako inatolewa pale pale ulipowahi kulala mahabusu. Uandikishaji ulirudi mwaka 2017. Shelisheli, wenye watu wapatao laki moja tu, wamekuwa wakitajwa kuwa na mtumiaji wa heroini mmoja katika kila watu kumi wa umri wa kufanya kazi. Huko si suala la kitengo katika hospitali tena, ni suala la kila ukoo.

Hong Kong imo humu kwa ajili ya dola moja tu. Walianza mwaka 1972 na mgonjwa akawa analipa dola moja ya Hong Kong kila anapokuja, bei ambayo haikupanda kwa miongo. Baadhi ya kliniki zilifunguliwa jioni, kwa kuwa waliokusudiwa walikuwa wabeba mizigo na mafundi wanaotoka kazini magharibi. Mpangaji wa ratiba ile alikuwa na akili kuliko wengi waliokuja baada yake.

Sasa tuvuke maji tuingie kwa majirani wa Oman. Je, wajua kwamba moja ya mipango mikubwa ya methadoni duniani iko Iran? Nchi inayowanyonga wasafirishaji wa dawa za kulevya ndiyo hiyo hiyo iliyoingiza methadoni magerezani mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikafungua kliniki kwa maelfu, nyingi zikiwa za madaktari binafsi, na kuanzisha za wanawake peke yao, zenye wauguzi wanawake na mahali pa watoto kucheza. Mwaka 2005 vyombo vya juu vya sheria vilitoa waraka kwa waendesha mashtaka wasiwaandame wanaotoa huduma hizo. Kwa wazee waliozoea kuvuta afyuni, Iran ilitafuta njia ya kienyeji zaidi: kasumba iliyoyeyushwa katika pombe ya dawa, inayonywewa kwa kipimo na kupunguzwa polepole. Daktari wa Ulaya angekunja uso. Mzee wa Kerman aliitambua ladha yake na akarudi kesho yake.

Na Malaysia waliipeleka methadoni msikitini. Mwaka 2010, katika Msikiti wa Ar-Rahman jijini Kuala Lumpur, jirani na Chuo Kikuu cha Malaya, wataalamu wa chuo hicho walianza kutoa dozi ndani ya eneo la msikiti, pamoja na sala na nasaha za imamu. Kumbuka kwamba kwa nchi nyingi msikiti ni mahali ambapo teja alikuwa akifukuzwa kwa sababu viatu hupotea. Kumwita ndani na kumpa dawa yake hapo kulibadilisha namna jirani anavyomtazama, na pia namna anavyojitazama mwenyewe anapopita mbele ya kibla. Jambo hili lisingefanyika New York, na hakuna aliyelihitaji huko. Kwa Michenzani ya Unguja au Kisauni lingewezekana wiki ijayo, kama kuna imamu mwenye moyo huo.

Kinyume chake ni Urusi, ambako methadoni ni haramu kisheria. Rasi ya Crimea ilipotwaliwa mwaka 2014, wagonjwa wapatao 800 walikatiwa dawa. Michel Kazatchkine, aliyekuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya UKIMWI katika eneo hilo, alisema Januari 2015 kwamba kati ya 80 na 100 walikwisha kufa, wengi kwa kuzidisha unga au kujiua. Ufaransa, tofauti na Urusi, kuanzia mwaka 1996 iliwaruhusu madaktari wa kawaida wa mtaani kuandika buprenofini katika cheti kama wanavyoandika dawa ya presha. Katika miaka michache vifo vya kuzidisha heroini vilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili.

Kwa mabaharia tu, njia ya unga wenyewe: mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi likiwa na kilo 1,032 za heroini nje kidogo ya Mombasa. Unga wa aina hiyo huteremka kutoka pwani ya Makran. Gwadar, bandari mashuhuri ya pwani hiyo, ilikuwa mali ya Oman hadi mwaka 1958. Njia ni ile ile ya tende, mazulia na boriti za mikoko. Waliobadilika ni wenye shehena.

Tukirudi Ruwi: kama siku moja kliniki ya methadoni itafunguliwa huku, nadhani foleni ya asubuhi ndiyo itakayoishinda. Katika mji ambapo gari lako linajulikana kwa namba, na binamu yako anafanya kazi duka la pili, kusimama dirishani kila siku ni kujitangazia. Watu wa huku husitiri ndugu zao, na kliniki itakayodai wasisitiri itabaki tupu. Buprenofini ingewafaa zaidi: ni kidonge cha kuyeyusha chini ya ulimi, mtu anaweza kupewa cha siku kadhaa nyumbani, na ni vigumu zaidi kuua kwa kuzidishwa. Falme za Kiarabu tayari wanaitoa. Tangu 2017 na 2018 zipo pia sindano zake za kudungwa mara moja kwa wiki au kwa mwezi, ambazo zinamaliza suala la foleni na la safari kwa mpigo mmoja. Bei ndiyo haijashuka.

Na Ramadhani? Je, wajua kwamba mwaka 1997 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Jeddah, liliamua kwamba sindano za tiba zisizo za lishe hazifunguzi, na kwamba vidonge vya chini ya ulimi kwa ajili ya maumivu ya moyo na mfano wake havifunguzi pia, mradi mtu asimeze kinachoshuka kooni? Kama buprenofini inaingia katika "mfano wake" ni suala la kumpelekea shehe, na mgonjwa ana ruhusa yake nyingine ya kutofunga. Methadoni inanywewa, kwa hiyo inafunguza bila ubishi, na wanaotaka kufunga huomba dozi ihamishwe hadi baada ya futari.

Kitabibu inawezekana, ila hesabu yake ni ya kuangaliwa. Aliyezoea kunywa saa tatu asubuhi, akahamia saa moja usiku siku ya kwanza ya mwezi, atakaa saa 34 bila dawa, na arosto itamnusia mlangoni. Ni taabu, lakini ataishi. Hatari iko upande wa pili, siku ya Idi: akinywa saa moja usiku wa mwezi kuandama, kisha akarudi dirishani saa tatu asubuhi akiwa na kanzu mpya, zimepita saa 14 tu na dozi mbili nzima zimekutana mwilini. Inatakiwa dozi irudishwe asubuhi kwa hatua, saa chache kila siku, na wa nyumbani waambiwe kwamba akisinzia kupita kiasi baada ya pilau wasidhani ameshiba.